Safari ya Harar: Funzo kwa watu wa Mji Mkongwe

Kila mtoto wa chuoni anaijua Habasha kwa kisa cha Najashi, mfalme aliyewapa hifadhi masahaba katika mwaka 615 Miladia. Wasiojulikana sana ni Waislamu wa milima ya mashariki ya nchi hiyo, iitwayo leo Ethiopia, ambako umo mji wa mawe wenye misikiti 82. Mji huo ni Harar.

Msafiri atokaye Unguja huondoka usawa wa bahari, akapitia Addis Ababa iliyo juu zaidi ya mita 2,300. Kisha hushuka hadi Dire Dawa, mji uliozaliwa na reli ya Djibouti mwaka 1902, na kutoka hapo hupanda tena kwa gari kiasi cha kilomita 50 mpaka Harar, mita 1,885. Urefu huo si wa kutisha mbele ya La Paz ya Bolivia, inayozidi mita 3,600, ambako wageni wengi huugua kwa wepesi wa hewa. Hata hivyo mtu wa pwani ataona tofauti. Pumzi humwenda mbio apandapo vichochoro, kichwa huweza kumuuma siku za mwanzo, na usiku huhitaji blanketi. Dawa yake ni kwenda polepole, kunywa maji kwa wingi na kutojikalifisha. Sheria yetu imempa msafiri ruhusa zake, naye asione haya kuzitumia.

Akishapumzika, atajiona kama yuko nyumbani. Vichochoro vyembamba, kuta za chokaa, adhana zinazopokezana, na kahawa, ambayo milima ya Harar inasifika kwayo duniani. Ukuta unaouzunguka mji, uitwao Jugol, hunasibishwa na Amir Nur bin Mujahid, aliyetawala katika karne ya 16 baada ya Imam Ahmad bin Ibrahim kuuawa vitani mwaka 1543. UNESCO iliuingiza Harar katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, miaka sita baada ya Mji Mkongwe wetu.

Miji hii miwili iliwahi pia kumpokea mgeni mmoja. Mwingereza Richard Burton aliingia Harar Januari 1855, akakaa siku kumi. Disemba 1856 akashuka Unguja. Kote kuwili aliandika maneno makali juu ya wenyeji. Mgeni wa siku chache huona njia na majumba ya watawala. Uhai wa mji umo ndani ya nyumba za watu.

Basi natuingie ndani. Nyumba ya Kiharari ina sebule yenye mabaraza matano yaliyoinuliwa kwa viwango mbalimbali, yakitandikwa mazulia na mito. Kila baraza lina watu wake: wazee na wanachuoni hukaa juu, vijana hukaa chini, na mtoto hujifunza adabu kwa kujua mahali pake pa kukaa. Kutani hutundikwa vikapu vya rangi vilivyosukwa na wanawake wa nyumba. Mabaraza hupakwa rangi nyekundu, na wenyeji husema ni ukumbusho wa damu ya waliokufa Chelenqo, Januari 1887, jeshi la Menelik lilipoushinda mji huo. Pembeni kuna chumba kidogo ambamo maharusi walikaa siku zao za mwanzo wakipitishiwa chakula dirishani. Mswahili atakifahamu kwa neno moja tu: fungate.

Wala tusidhani kwamba Harar haikupata mitihani. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1974, Waharari wengi walihama, na leo wapo hata Toronto. Lakini waliobaki wamefanya jambo la busara. Zipo familia zinazopokea wageni katika nyumba zao za asili, huku mama mwenye nyumba akibaki humo humo na wanawe. Mgeni hulala kwa malipo, lakini nyumba ina wenyewe. Na kila mwaka, zinapomalizika siku sita za funga ya Mfungo Mosi, mji mzima husherehekea Shuwalid, mila iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2023.

Sasa tujitazame sisi. Katika Mji Mkongwe nyumba nyingi zimegeuka hoteli na maduka ya vinyago, na watoto wa mtaa wamehamia ng'ambo ya Darajani na mashamba. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, kasri lililojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, iliporomoka na kuua watu wawili. Tulilia kwa jumba hilo, na ilistahiki. Lakini nyumba ndogo zisizo na jina hututoka kimya kimya: warithi hawaelewani, paa linavuja, kila mmoja anamngoja mwenziwe, mwisho anatokea mnunuzi.

Kuuza ni halali, na dhiki ya mtu haijui ila yeye. Tunalousia ni mashauriano kabla ya dhiki. Warithi wagawane mirathi mapema na kwa maandishi, wajue nani atatengeneza nini. Mwenye uwezo aweke wakfu, kama walivyofanya wazee wetu, ambao nyumba zao za wakfu zingali zimesimama Mji Mkongwe hadi leo. Na anayetaka kipato cha wageni, aangalie kwanza kama yawezekana kukodisha chumba pasi na kuhama.

Mawe hutengenezwa na mafundi, lakini sauti ya mtoto anayesoma juzuu barazani hairejeshwi na fundi yeyote. Mwenyezi Mungu atupe hima ya kuhifadhi tulichoachiwa. Wabillahi tawfiq.