Gari Kuukuu la Ngazi: Litengenezwe au Linunuliwe Jipya?

Wazee wetu walisema, "Kipya kinyemi ingawa kidonda." Nilipokuwa mwanafunzi katika shule yetu niliisikia methali hii mara nyingi, lakini sikuitia maanani. Sasa ninafanya kazi ya ufundi katika karakana moja ya jimbo la Pennsylvania, Marekani, na karibu kila mwezi naikumbuka, kwa kuwa kazi yetu ni kuyafufua magari ya zimamoto yaliyozeeka. Mhariri wa gazeti letu aliponiomba niandike habari za huku, niliona heri niwaelezeni jambo moja nilijualo kwa mikono yangu: jinsi watu wa mji mdogo wanavyoamua kama gari lao kuukuu la ngazi litengenezwe, au liachwe na kununuliwa jipya.

Kwanza yafaa tujue gari la ngazi ni kitu gani. Gari la kawaida la zimamoto hubeba maji, pampu na mipira. Gari la ngazi hubeba mgongoni ngazi ya chuma au ya alumini, ambayo mara nyingi hufika urefu wa mita 30. Ngazi hiyo imefanywa kwa vipande vitatu au vinne vinavyoingiana kama darubini ya nahodha, navyo hutolewa nje kwa nyaya za chuma na kapi. Chini yake pana sahani kubwa ya chuma inayozunguka, ili ngazi ielekezwe upande wowote. Kabla ngazi haijainuliwa, gari hutoa miguu ya chuma pembeni na kukanyaga ardhi. Bila hiyo lingepinduka. Nguvu ya kuinua hutoka katika mafuta yanayosukumwa na pampu ndani ya mabomba, kama ile inayonyanyua bodi la lori la kumwaga mchanga. Kwa ngazi hii watu walionaswa orofani huteremshwa, paa hutobolewa ili moshi utoke, na maji humwagwa juu ya moto.

Huenda mwadhani ya kwamba katika nchi tajiri kama Marekani watu wote wa zimamoto hulipwa mishahara. Sivyo. Katika Pennsylvania vikosi vingi ni vya watu wa kujitolea: seremala, mwalimu, mwenye duka, mkulima. Desturi hiyo ni ya zamani. Benjamin Franklin na wenzake walianzisha kikosi cha namna hiyo mjini Philadelphia mwaka 1736. Hata leo vikosi vingi hupata sehemu ya fedha zao kwa kuchoma kuku na kuwauzia majirani sahani kwa sahani. Basi, katika miaka hii ya 2020 gari jipya la ngazi laweza kupita bei ya dola milioni 1.5, na tangu janga la korona viwanda vimeelemewa na maagizo, hata mnunuzi hungoja miaka miwili, mitatu au zaidi. Hesabuni wenyewe ni kuku wangapi hao.

Miaka michache iliyopita, nilipokuwa na miezi mitatu tu kazini, kikosi kimoja cha watu wa kujitolea kilituletea gari lake la ngazi. Lilikuwa na umri wa miaka 17. Rangi yake nyekundu iling'aa, maana vijana wao walilisugua kila juma. Mkuu wa kikosi, mzee mwenye mvi, alisema, "Tupeni bei ya injini, breki na nyaya za umeme. Ngazi ni nzima."

Fundi wetu mkuu akamjibu, "Ngazi tutaitazama kwanza. Tukiikuta imekufa, hayo mengine hatutayagusa."

Nilidhani anajivuna tu, lakini alikuwa na sababu. Injini ikifa njiani, gari husimama na watu hushuka wakiwa wazima. Ngazi ikikatika, mtu yuko juu yake, na pengine amembeba mtoto wa mwenziwe. Ndiyo maana fedha zote huanza kuhesabiwa kutoka kwenye ngazi.

Kuna kanuni pia. Marekani kuna chama kiitwacho NFPA, kilichoundwa mwaka 1896, ambacho huandika kanuni za vyombo vya zimamoto. Chama hicho hushauri kwamba gari lililopita miaka 15 lifanyiwe matengenezo ya kulisogeza karibu na kanuni za sasa na liwekwe katika akiba, na lililopita miaka 25 liondolewe kazini. Tena hutambua namna mbili za kulifufua gari. Katika namna ya kwanza, ngazi na vyombo vizuri vya gari kuukuu huhamishiwa juu ya chasisi mpya yenye kibanda kipya cha dereva. Katika namna ya pili, chasisi hubaki ile ile, na sehemu zilizochakaa hubadilishwa. Ya pili ni rahisi zaidi, nayo ndiyo waliyoitaka wageni wetu.

Ngazi hupimwaje? Kila mwaka hukaguliwa na kuendeshwa, na kila baada ya miaka isiyozidi mitano hupimwa kwa njia zinazofichua ugonjwa bila kuikata. Ngazi ya chuma hutiwa sumaku mahali ilipochomelewa, kisha hunyunyizwa unga laini wa chuma. Penye ufa, hata usioonekana kwa jicho, unga hukusanyika na kuchora mstari. Sumaku haishiki alumini, kwa hiyo ngazi ya alumini hupakwa rangi ya majimaji inayopenya. Ikifutwa, ile iliyoingia ufani hujitokeza tena. Pini na bolti kubwa hupimwa kwa sauti isiyosikika na sikio, ambayo hugonga ndani ya chuma na kurudi na habari, kama popo ajuavyo ukuta gizani. Tena ngazi huwa na vibandiko vinavyogeuka rangi vikipata joto la nyuzi 149 za Selsiasi, ili ijulikane kama moto umeikaribia kupita kiasi.

Mimi nilipewa kazi ya mtu mgeni, yaani kukwangua uchafu na grisi kabla ya mpimaji kufika. Jioni moja, chini ya kipande cha pili cha ngazi, niliona rangi imepasuka mstari mwembamba kama unywele, na pembeni yake doa la kutu. Nakiri kwamba nilinyamaza kwa muda. Wote walitaka habari njema, nami nilikuwa mgeni, na mstari wenyewe ulikuwa mdogo. Halafu nikamwita fundi mkuu. Asubuhi mpimaji alipoutia sumaku na unga, tuliona ufa mrefu kama kidole changu cha shahada.

Jumanne iliyofuata tulikwenda kwenye mkutano wao. Bwana mmoja alisimama akasema, "Bila shaka ufa huo una miaka mingi, na ngazi imetubeba. Uchomeleeni, mpake rangi, tuendelee." Wengine waliitikia kwa vichwa. Mkuu wa kikosi akanigeukia. "Kijana, wewe ndiwe uliyeuona. Tukiuchomelea hivyo, utapanda?"

Nilisema, "Hapana, mzee. Sitapanda. Kipande kikibadilishwa na walioitengeneza ngazi, kisha ikapimwa upya yote, nitapanda wa kwanza."

Fundi mkuu akawaeleza sababu. Moto wa kuchomelea hubadili ugumu wa chuma kando ya kiungo. Asiyejua ni chuma cha namna gani, na kichomelewe kwa joto gani na kwa waya gani, aweza kuziba ufa mmoja na kuzaa mwingine hatua mbili mbele. Rangi ingeuficha, na hilo lingekuwa baya zaidi.

Palikuwa kimya. Kisha mweka hazina wao, mama mmoja mwalimu wa hesabu, akaandika ubaoni. Matengenezo yote, pamoja na kipande kipya cha ngazi, yalikuwa bado chini ya nusu ya bei ya gari jipya. Lakini hakuishia hapo. Gari lilikuwa na miaka 17, na kikomo chao kilikuwa miaka 25. Basi akagawanya gharama kwa miaka 8 iliyobaki, na bei ya gari jipya akaigawanya kwa miaka 25. Kwa hesabu ya mwaka mmoja mmoja, tofauti ilikuwa ndogo kuliko walivyotumaini. Wengi walishangaa. Kilichowaamulia kilikuwa wakati: wakiagiza gari jipya, wangekaa miaka mitatu wakitegemea gari bovu. Wakakubaliana gari lifufuliwe, mji jirani uwaletee ngazi yake ukitokea moto, na tangu siku ile ianzishwe akiba ya gari jipya, kwa kuwa kufufua gari ni kununua muda tu.

Kazi ilichukua miezi kumi. Tulikuta chasisi imeliwa na kutu, kwani huku wakati wa baridi barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Wale waliokulia pwani wanajua chumvi inavyokula mabati. Tulibadilisha nyaya na kapi za ngazi, mabomba yote ya mafuta, bolti za sahani izungukayo, breki, nyaya za umeme na taa. Matairi yalionekana mazuri, lakini tuliyatupa, maana kanuni haziruhusu tairi la gari la zimamoto kupita miaka saba hata likiwa na meno yote. Yako mambo ambayo hatukuweza kuyafanya. Kibanda cha dereva hakikuwa na mifuko ya hewa ya kumkinga mtu ajalini kama magari ya sasa, na injini ilitoa moshi mwingi kuliko za leo. Tuliyaandika hayo katika daftari la gari, ili anayelitumia ajue.

Siku ya mwisho ngazi ililazwa sawasawa na ardhi, ikatolewa urefu wake wote, na nchani ukatundikwa mzigo ambao ngazi hiyo imeandikiwa kubeba. Kanuni hutaka usipungue kilo 113, kiasi cha mtu mmoja na vazi lake la moto. Tuliingoja dakika baada ya dakika, hakuna mtu aliyesema neno. Mzigo ulipoondolewa, ngazi ilirudi mahali pake. Kisha ikakaguliwa tena na kuinuliwa juu, na mkuu wa kikosi akanitazama. Nilifunga mkanda, nikapanda. Magoti yalitetemeka, siwafichi, lakini nilifika juu, nikaona mji wote: kanisa, shule, na nyumba za wale waliouza kuku.

Basi, mtu akiniuliza kama ni bora kufufua au kununua, humwuliza maswali manne. Je, ile sehemu inayobeba roho za watu imepimwa, au imetazamwa tu? Je, chasisi ni nzima? Je, spea zitapatikana kwa miaka yote iliyobaki? Swali hili si dogo; American LaFrance, kampuni ya zamani na mashuhuri ya magari ya zimamoto, ilifunga milango yake mwaka 2014, na wenye magari yake wakabaki kuhangaikia spea. Na la mwisho: je, umegawanya gharama kwa miaka, au umeangalia bei ya leo peke yake? Jawabu likiwa baya katika la kwanza, usiulize mengine. Nunua jipya, au kaa bila ngazi na uwaambie watu ukweli.

Ndugu zangu wanafunzi, hesabu za kugawanya mnazozilalamikia ndizo zilizoamua jambo lile, pamoja na macho ya mtu aliyekuwa akikwangua grisi. Wazee wetu walisema pia, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Kazini kwangu nimejifunza kwamba ufa hauzibwi kwa rangi, na kwamba hauwezi kuzibwa mpaka kwanza apatikane mtu wa kusema, "Nimeuona."

Mwanafunzi wa Zamani