Je, Wajua? Ndege za Plastiki za Zamani na Mafundi Wanaozinyoosha

Je, wajua kwamba ndege za kwanza za plastiki za kuunganisha nyumbani zilipewa jina la ndege asiyeruka? Zilitoka Uingereza mwaka 1936, zikauzwa kwa jina la Penguin. Kampuni iliyozitengeneza, International Model Aircraft, ilikuwa tayari inauza ndege za kuchezea zilizoruka kweli, chini ya jina la Frog. Hizi mpya zilikuwa za kupangwa kabatini tu, basi zikawa pengwini. Waingereza wakiamua kutania, hutania hadi kwenye boksi.

Je, wajua kwamba Penguin nyingi zilizobaki zimepinda? Plastiki yake ilikuwa selulosi asetati, ambayo hujikunja miaka inavyokwenda, na hakuna puti wala msasa wa kuinyoosha ikadumu. Mwenye nayo huiacha ndani ya boksi lake. Polistirini, iliyoshika soko baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ndiyo iliyoleta raha: inakatika, inasuguliwa, inaungana, na ukikosea inakubali kurekebishwa.

Je, wajua kwamba gundi halisi ya modeli hainati, bali inayeyusha? Kimiminika chake hulainisha uso wa plastiki pande zote mbili, ukizibana zinakuwa plastiki moja, kisha dawa yenyewe inapaa hewani. Ndiyo maana tone likidondokea bawa halifutwi. Liache likauke kabisa, ulisugue kwa msasa laini. Ukikimbilia kulifuta kwa kidole, alama ya kidole hicho itabaki hapo miaka yote.

Je, wajua kwamba mwaka 1969 kampuni ya Testor ya Marekani ilitia mafuta ya haradali kwenye gundi yake? Vijana walikuwa wakiinusa ili walewe. Haradali huwasha pua, na anayeunganisha ndege kwa nia njema hakosi chochote. Hata hivyo fungua dirisha.

Je, wajua kwamba supaglu nayo ina undugu na ndege? Mkemia Harry Coover wa kampuni ya Kodak aliikuta mara ya kwanza mwaka 1942, timu yake ikitafuta plastiki angavu ya vifaa vya kulengea shabaha, akaitupa pembeni kwa sababu ilinata kwenye kila kitu. Mwaka 1951 ikajitokeza tena, safari hii wakitafuta plastiki inayostahimili joto kwa vioo vya marubani wa ndege za jeti. Ilianza kuuzwa mwaka 1958. Kichekesho ni kwamba hiyohiyo haifai kubandikia kioo cha rubani cha modeli: mvuke wake huacha ukungu mweupe usiotoka. Kwa vioo tumia gundi nyeupe ya mbao.

Je, wajua kwa nini skeli ya 1/72 imetawala? Hesabu yake ni ya futi na inchi: inchi moja ya modeli ni futi sita za ndege, kwa hiyo rubani mrefu wa futi sita anatoshea kwenye inchi moja. Modeli za mbao za Skybirds za Uingereza zilikuwa zikiitumia tangu miaka ya 1930. Kisha vita vikaipa msukumo. Mwaka 1942 jeshi la majini la Marekani liliomba wanafunzi wa shule wachonge ndege za mbao 500,000 za skeli hiyo, aina 50, ili wanajeshi wajifunze kutofautisha ndege ya adui na ya rafiki kwa umbo tu. Hesabu ni rahisi: modeli ya 1/72 iliyo mita 10 kutoka kwako inaonekana sawa na ndege kamili iliyo mita 720.

Je, wajua kwamba kampuni nyingi za Marekani za miaka ya 1950 hazikujali skeli hata kidogo? Boksi lilitangulia, ndege ikafuata. Modeli ilikuzwa au kupunguzwa mpaka ijae kwenye boksi la bei fulani, ndiyo maana ndege kubwa ya kubeba mabomu na ndege ndogo ya kivita zilitoka na urefu unaokaribiana. Ukizipanga kwenye rafu moja, historia nzima ya anga inavurugika.

Je, wajua kwamba Airfix haikuanza na ndege? Nicholas Kove, mkimbizi kutoka Hungaria, aliianzisha London mwaka 1939 na kuuza vitu vya mpira vya kujazwa hewa. Baadaye ikawa kampuni ya vitana. Mwaka 1949 iliombwa itengeneze trekta dogo la Ferguson ili mawakala wa trekta wawe na kitu cha kumwonyesha mkulima. Kuliunganisha kiwandani kukawa na gharama, vipande vikauzwa vitupu, mnunuzi aunganishe mwenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ikaja merikebu ya Golden Hind, ndani ya mfuko wa plastiki wenye karatasi juu, shilingi mbili za Kiingereza katika maduka ya Woolworths. Ndege ya kivita ya Spitfire ikafuata.

Na hiyo Spitfire? Mbaya. Iliigwa kutoka modeli ya Aurora ya Marekani, makosa yakaja nayo yote. Lakini iliuzika, na nadhani ilizalisha mafundi wengi kuliko modeli yoyote nzuri iliyokuja baadaye. Modeli ya leo iliyochorwa kwa kompyuta inaungana yenyewe hata ukiwa nusu macho. Ya zamani inakulazimisha ufungue kitabu cha picha, uchukue rula, upime pua, ugundue kwamba mtengenezaji alikudanganya, kisha uamue utafanya nini. Huko ndiko kujifunza ndege.

Je, wajua kwamba ziko modeli za ndege ambazo hazikuwahi kuwepo? Aurora hiyohiyo iliuza Yak-25 ya Kisovieti katika miaka ya Vita Baridi, wakati picha za ndege hizo zilikuwa siri. Ile halisi ilibeba injini mbili chini ya mabawa. Ya Aurora ilikisiwa, na haifanani nayo. Mwaka 1986 Testor wakatoa F-19, wakibuni jinsi ndege ya Marekani isiyoonekana kwenye rada ilivyo: laini, yenye mikunjo ya duara. Ilinunuliwa kwa fujo na kuzua maswali hadi bungeni Washington. Novemba 1988 serikali ikaonyesha ndege yenyewe. Iliitwa F-117, na ilikuwa imekatwakatwa pembe kama jiwe la almasi. Hakuna puti itakayoigeuza ile kuwa hii. Iache ilivyo, ni kumbukumbu ya uvumi.

Sasa tuingie karakana.

Je, wajua kwamba modeli nyingi za zamani zina mistari iliyoinuka mahali ambapo ndege halisi ina mfereji mwembamba tu kati ya bati na bati? Mstari ulioinuka milimita 0.2 kwenye modeli ya 1/72 ni ukuta wa zaidi ya sentimita 1.4 kwenye ndege kamili. Ribiti za modeli hizo, ukizikuza, zingekuwa na ukubwa wa vibakuli. Dawa yake ni kusugua zote kwa msasa, kisha kuchora upya kwa sindano ngumu, ukiongozwa na utepe mnene wa plastiki unaonata. Siri ni kupitisha sindano mara nyingi kwa mkono mwepesi. Ukikandamiza mara moja, sindano inateleza na kukuachia mkwaruzo unaovuka bawa zima. Kampuni ya Matchbox, iliyoanza kutoa modeli za ndege mwaka 1973, ilichimba mistari kwelikweli, ila mingine kwa kina ambacho wapenzi wa modeli wamekitania mpaka leo.

Je, wajua kwamba ukingo wa nyuma wa bawa ndio unaoiumbua modeli ya zamani kuliko kitu kingine? Milimita moja ya plastiki pale ni zaidi ya sentimita saba za ndege kamili, wakati ukingo halisi ni mwembamba. Sugua kwa ndani, kabla ya kuunganisha nusu ya juu na ya chini. Ukishazibandika, umechelewa.

Je, wajua kwamba antena haihitaji kununuliwa? Vipande huja vimeshikana kwenye fremu ya vijiti vya plastiki. Usivitupe. Kishike kijiti juu ya mwali wa mshumaa, mbali kidogo usishike moto, kizungushe mpaka kilegee, kitoe, kisha kivute taratibu pande mbili. Unapata uzi mwembamba kama unywele, na ukivuta haraka zaidi unakuwa mwembamba zaidi. Ukiwa umeshabandikwa, usogezee kijinga cha ubani kwa mbali: joto litaukaza.

Je, wajua kwamba ndege yenye gurudumu la mbele hukalia mkia usipoijaza uzito puani? Mafundi hutumia chubwi za wavuvi, ambazo ni za risasi. Angalizo moja: usizibandike kwa gundi nyeupe ya mbao. Risasi na gundi hiyo hufanya kazi ya kikemia kimyakimya, risasi inavimba, na baada ya miaka kadhaa pua ya ndege inapasuka yenyewe kabatini.

Je, wajua kwamba matairi laini ya vinaili huweza kula rimu zake? Dawa inayoyalainisha huvuja na kuyeyusha polistirini. Yatupe, chonga mengine.

Je, wajua kwamba stika za maji zilizogeuka manjano husafishwa na jua? Zibandike kwenye kioo cha dirisha, ndani ya mfuko wa plastiki angavu, uso ukitazama nje. Siku chache za jua kali hutosha mara nyingi, na hapo sisi wa ukanda huu tuna bahati. Zikiwa zimepasukapasuka, zipulizie vanishi angavu kabla ya kuzilowesha, vinginevyo zitasambaratika majini. Na uso zinapokwenda uwe unang'aa: rangi isiyong'aa ina uso wa kukwaruza, hewa hunaswa chini ya stika, ukabaki weupe wa kuudhi.

Je, wajua kwamba rangi sahihi kabisa huonekana nyeusi mno kwenye modeli ndogo? Ndege halisi tunaiona kwa mbali, na hewa katikati huififisha. Tia weupe kidogo.

Je, wajua kwamba Frog ilipofikia mwisho, katikati ya miaka ya 1970, kalibu zake nyingi zilikwenda Umoja wa Kisovieti, zikaendelea kuzaa ndege kwa jina la Novo? Za Ujerumani na Japani hazikwenda. Wasovieti hawakuwa na hamu ya kuwauzia watoto wao ndege za adui wa jana. Zikachukuliwa na kampuni ya Revell. Kwa hiyo Frog ya zamani unaweza kuikuta ndani ya boksi la jina jingine kabisa, na kalibu ikishazeeka utaijua kwa ngozi nyembamba ya plastiki inayozunguka kila kipande. Kisu na subira.

Je, wajua kwamba Shirika la Ndege la Afrika Mashariki linaweza kujengwa mezani? Airfix ilitoa Super VC10 ya skeli ya 1/144 ikiwa na rangi za BOAC, shirika la ndege la Uingereza, urefu wake zaidi kidogo ya sentimita 36. Shirika letu lilinunua ndege tano za aina hiyo kuanzia mwaka 1966, na zilikuwa na mlango mkubwa wa mizigo mbele, ubavu wa kushoto. Mlango huo unauchora kwa sindano. Comet ni kazi nzito zaidi. Airfix walitoa Comet 4B, ilhali zetu, zilizoanza kuja mwaka 1960, zilikuwa Comet 4 ya kawaida: kiwiliwili kifupi, mabawa marefu yenye matangi ya mafuta yaliyochomoza mbele. Katika 1/144 hiyo ni kukata karibu milimita 14 za kiwiliwili na kuongeza milimita 15 za upana wa mabawa, kisha kuchonga matangi. Anayeifanya vizuri, mvulie kofia.

Je, wajua zilikoishia zile VC10? Moja, 5X-UVA, iliangukia Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972. Shirika lilipovunjika mwaka 1977, nne zilizobaki zikarudi Uingereza, zikanunuliwa na jeshi la anga na kugeuzwa za kujaza ndege nyingine mafuta angani. Mbili kati yake zilidumu kuliko VC10 nyingine zote. Tarehe 25 Septemba 2013, safari ya mwisho kabisa ya VC10 duniani ilirushwa na ndege namba ZA147, ambayo zamani ilikuwa 5H-MMT, yenye usajili wa Tanzania. Siku moja kabla yake ilitua katika uwanja wa Dunsfold, Uingereza, ZA150, zamani 5H-MOG, VC10 ya mwisho kutoka kiwandani.

Basi, msomaji mwenye mzazi au babu aliyefanya kazi Embakasi, Entebbe au Dar es Salaam enzi hizo: angalia albamu za nyumbani. Picha ya rangi inayoonyesha ubavu wa ndege, nembo ya simba, hata ngazi na matairi, ni kitu ambacho mtengeneza modeli hawezi kukikisia. Ipige nakala nzuri, andika nyuma mwaka na mahali, na usiikate pembe.