Bia Iliyotiwa Matunda: Namna ya Kuionja na Kuipima

Wakulima wengi wa skimu wanaijua bia kwa njia ya shayiri. Kama shamba lako liko upande wa Timau, Molo au Mau Narok, huenda wewe mwenyewe umepanda shayiri ya kimea, na umeona jinsi mnunuzi anavyoikagua punje kwa punje. Lakini siku hizi mijini viko viwanda vidogo vinavyopika bia kidogo kidogo, na baadhi ya bia hizo hutiwa matunda. Basi mtu aweza kufika kwako na gari zuri akakuambia, "Panda pasheni, mimi nitanunua yote nitengeneze bia." Kabla hujang'oa pareto, na kabla hujapunguza malisho ya ng'ombe wako wa maziwa, yafaa ujue bia hii ni kitu gani, huonjwaje, na ni matunda kiasi gani yanayoingia ndani yake.

UTAMU HUENDA WAPI?

Jambo la kwanza litakushangaza. Bia iliyotiwa matunda kwa haki haiwi tamu. Embe ni tamu kwa sababu lina sukari, na hamira chakula chake ni sukari. Ukitia embe katika bia ambayo bado inachacha, hamira itakula ile sukari yote na kuigeuza kileo na hewa ya povu. Kinachobaki ni harufu ya tunda, uchachu wake, rangi yake, na ule ukakasi wa ganda na kokwa.

Kwa hiyo si kila tunda linafaa. Tunda lenye sifa ya utamu peke yake hupotea kabisa ndani ya bia. Papai na tikiti maji huacha alama ndogo sana. Stroberi, ijapokuwa watu wanaipenda sana mezani, hupoteza rangi na harufu baada ya muda mfupi. Lakini pasheni ina harufu kali na uchachu mwingi, nayo husimama imara. Mapera pia hayashindwi upesi. Mtu akikupa bia ya matunda ikawa tamu kama sharubati, ujue ya kuwa sukari au maji matamu ya matunda yalitiwa baadaye, au uchachaji ulisimamishwa kabla haujaisha. Hilo si kosa la sheria, na wako wanaoipenda hivyo. Lakini usilipie bei ya matunda kwa kitu ambacho ni sukari na rangi.

WAKULIMA WA UBELGIJI

Bia ya matunda iliyo na sifa kubwa kuliko zote hutoka Ubelgiji, katika bonde la mto Zenne, karibu na mji wa Brussels. Jina lake ni Kriek, na maana yake kwa lugha ya watu wa huko ni cheri ndogo chachu. Cheri ni tunda jekundu la mviringo. Ukilishika mkononi litakukumbusha buni mbivu iliyo mtini, ila ni kubwa kidogo na nyama yake ni nyingi. Mti wake hutaka miezi ya baridi kali kila mwaka.

Kriek hutengenezwa kwa bia nyingine iitwayo Lambic. Ndani yake mna kimea cha shayiri, na kama theluthi moja ni ngano mbichi isiyogeuzwa kimea. Hutiwa hopsi za zamani, zilizowekwa ghalani mpaka uchungu wake umekwisha, kwa sababu kazi yake hapa ni kuzuia bia isiharibike, si kuitia uchungu. Baada ya kupikwa kwa saa kadhaa, maji yale hupandishwa darini na kumwagwa katika sinia kubwa la shaba, pana na lisilo na kina. Madirisha huachwa wazi usiku kucha. Hakuna mtu anayetia hamira. Hamira ya porini huja na hewa, na nyingine imo katika mbao za mapipa. Kazi hii hufanywa tangu Oktoba hata Aprili tu, kwa kuwa wakati wa joto hewa huwa na vijidudu vingi vibaya. Kisha bia hukaa ndani ya mapipa ya mti mwaka mmoja, miwili, hata mitatu.

Watu wa Mlima Kenya hawatashangazwa sana na habari hiyo. Katika muratina, lile tunda la mvungunya hukatwa, huchemshwa, huoshwa na kukaushwa juani, kisha hutiwa katika asali na maji au maji ya miwa. Tunda lile halitiwi kwa ajili ya utamu. Hamira hukaa ndani ya nyuzi zake, na tunda likisha kutumika hukaushwa na kuwekwa mpaka siku nyingine. Mbelgiji ameweka hamira yake katika pipa, na mzee wa Kikuyu ameiweka katika tunda.

Cheri huingia pipani zikiwa nzima pamoja na kokwa zake. Katika kiwanda cha Cantillon, kilichoanzishwa mwaka 1900 huko Anderlecht, hutia kama gramu 200 za cheri kwa kila lita ya bia. Kokwa hutoa harufu inayofanana na lozi. Wakati huo wa matunda nzi wadogo huja kwa wingi, na kwa sababu hiyo wafanya kazi wa Cantillon hawaondoi utando wa buibui. Buibui ndiye askari wao. (Bwana Afya wetu angekuwa na maneno hapo, lakini kiwanda hicho kimepokea wageni kwa miaka mingi, tangu kilipofunguliwa kama makumbusho mwaka 1978.)

Kiwanda kingine, Lindemans, kilichoko Vlezenbeek, kilianza mwaka 1822 kama shamba la familia. Walilima wakati wa joto, na wakati wa baridi, kazi za shamba zilipopungua, wakapika bia. Leo Lindemans hutengeneza Kriek za aina mbili. Moja ni tamu, ina kileo cha asilimia 3.5, na mtu asiyezoea bia huipenda mara moja. Nyingine huandikwa "Oude Kriek", yaani Kriek ya zamani, nayo ni kali na chachu. Neno hilo "Oude" haliandikwi ovyo. Tangu mwaka 1997 linalindwa na sheria za Umoja wa Ulaya, na asiyefuata njia ya zamani hana ruhusa ya kulitumia. Katika karne iliyopita bia tamu ziliuzwa sana, na viwanda vingi vya namna ya zamani vilifungwa. Kama wachache wasingeshikilia kazi ile, na jina lisingalindwa, ladha yenyewe ingepotea.

KUONJA

Kuonja si kunywa. Vidole viwili vya bia katika glasi vyatosha. Glasi iwe safi, isiwe na harufu ya sabuni. Usiwe umetoka kula nyama yenye pilipili au kunusa ugoro. Bia isiwe baridi kama barafu, maana baridi nyingi huua harufu. Itoe mahali pa baridi, iache kidogo, kisha mimina.

Tazama kwanza. Kriek nzuri ina rangi ya cheri mbivu, na povu lake lina wekundu. Kama rangi ni kali kama ya peremende, uliza imetoka wapi. Bia ya pasheni au maembe haitakiwi iwe ya rangi ya chungwa linalong'aa; itakuwa ya manjano tu, pengine na ukungu. Ukungu peke yake si ubovu. Matunda mengi huacha ukungu, hasa yakichemshwa sana.

Kisha inusishe, mara mbili tatu, fupi fupi. Hapa mkulima ana pua nzuri kuliko mtu wa mjini. Je, unasikia tunda bivu, au tunda la kupikwa kama jemu, au peremende? Harufu ya siki yenye kuchoma pua ni mbaya. Harufu ya mahindi ya kuchemsha, au ya siagi, au ya boksi la karatasi lililonyeshewa, yote ni dalili ya kazi mbaya au bia iliyokaa vibaya. Lakini katika Lambic utasikia pia harufu ya zizi la farasi na ngozi kuukuu. Usiimwage. Hiyo inatoka kwa ile hamira ya porini, na waonjaji wa huko huihesabu kuwa sifa.

Sasa onja, iache iguse ulimi wote, kisha meza. Angalia kama uchachu unakuja kwanza au utamu, na baada ya kumeza kinabaki nini mdomoni. Kwa hukumu yangu hapo ndipo bia ya kweli hujitenga na ya sukari. Ya sukari hukwisha upesi na kuacha midomo ikinata. Oude Kriek hukaa: kwanza uchachu wa kukunja uso, kisha cheri, kisha ukakasi wa kokwa kama ule wa kutafuna mbegu. Mwenye kuionja mara ya kwanza mara nyingi husema imeharibika. Mpe kipande cha mkate na maji, aonje tena.

Ni vema mkionja watu watatu au wanne, chupa zikiwa zimefunikwa majina, na kila mmoja aandike neno lake kabla ya kusikia la mwenzake. Mzee akisema kwanza, vijana wote watakubaliana naye.

Na mkitaka kupima bia ya matunda isiyo ya Ulaya, iko moja hapa jirani. Wachagga wa Kilimanjaro hutengeneza mbege kwa ndizi mbivu zilizopikwa na kimea cha ulezi, na gamba la mti wa msesewe hutia uchungu, kazi ile ile ya hopsi. Mbege haiwekwi siku nyingi, kwa kuwa huendelea kuchacha. Nina hakika ni bia ya matunda kweli kuliko nyingi zinazouzwa kwa chupa yenye picha ya embe.

HESABU YA MATUNDA

Turudi kwa yule bwana mwenye gari. Chukua kipimo cha Cantillon, gramu 200 kwa lita. Akipika lita 1,000, anahitaji kilo 200 za matunda. Akipika hivyo kila mwezi, ni kilo 2,400 kwa mwaka mzima. Huko Marekani, katika jimbo la Wisconsin, kiwanda cha New Glarus husema hutia zaidi ya ratli moja ya cheri katika kila chupa ya bia yake iitwayo Belgian Red, yaani kama gramu 450 kwa chupa ya mililita 750. Hata kwa kipimo hicho kikubwa, lita 1,000 hutaka kilo 600 tu. Kiwanda kidogo hakiwezi kumaliza matunda ya kijiji kizima. Chaweza kuwa mnunuzi mzuri wa wakulima wachache.

Tena matunda anayoyataka si yale ya soko. Mchuuzi hutaka tunda gumu, la kuvumilia safari. Mpishi wa bia hutaka lililoiva kabisa, na ganda lenye kovu halimsumbui, bali lililooza au lenye ukungu humharibia pipa zima. Wapishi wengi huyagandisha kwanza, maana barafu hupasua nyama ya tunda na maji yake hutoka kwa urahisi. Basi yale ya daraja la pili, ambayo mchuuzi huyatupa kando, yaweza kupata bei hapo.

Wewe mwenyewe usipike ya kuuza bila leseni; sheria ya vileo ya mwaka 2010 inakataza, na inakataza kumwuzia mtu aliye chini ya miaka 18. Na usinywe kinywaji cha matunda usichojua kilikotoka. Mwaka 2000 watu zaidi ya 100 walikufa Nairobi kwa pombe iliyotiwa methanoli, ambayo mdomo hauwezi kuitambua.

Akija mnunuzi, mwulize anapika lita ngapi kwa mwezi, anatia kilo ngapi kwa lita, na ana mahali pa kugandishia au hana. Mwombe chupa mbili za bia aliyokwisha kuitengeneza, mwionje pamoja na wanachama wa chama chenu cha ushirika kwa njia tuliyoieleza. Kisha mwandikiane bei ya kilo, siku ya kuchukua matunda, na ni nani atakayelipa usafiri na makreti.