Wenye Nywele Ndefu wa Chimbuko la Mto Ganga

Katika milima ya Himalaya, kaskazini ya Bara Hindi, pana mahali paitwapo Gangotri, ambapo mto ungali mdogo, wenye maji ya rangi ya majivu, hupita kati ya miamba mikubwa na kuanguka kwa kishindo. Kando ya maporomoko hayo, tangu theluji iyeyukapo mwezi wa Mei mpaka baridi kali irudipo mwishoni mwa Oktoba, huonekana watu wa namna ya pekee. Ni wanaume waliovaa nguo ya rangi ya machungwa, au kitambaa kidogo tu kiunoni, nao nywele zao hazijaguswa na mkasi kwa miaka kumi, ishirini au zaidi. Wengine wamezizungusha juu ya kichwa kama kilemba. Wengine wameziachilia zikashuka mpaka kiunoni. Na wako ambao nywele zao, zikifunguliwa, hugusa ardhi. Huoga katika maji yenye baridi ya barafu, kisha hukaa juu ya mawe wakiutazama mto kwa saa nyingi bila kusema neno.

Mgeni apitaye aweza kudhani kwamba hawa ni wavivu waliokimbia jembe na kodi. Kweli wako walio hivyo, na Wahindi wenyewe hawalifichi jambo hilo. Lakini miongoni mwao wametokea watu ambao, kwa kukaa mahali pamoja na kutazama kwa makini, waliona mapema jambo kubwa limhusulo kila mtu alimaye shamba chini ya mlima.

MAHALI PENYEWE

Gangotri ni kijiji chenye hekalu, kilichojengwa katika bonde jembamba, kiasi cha futi 10,000 juu ya usawa wa bahari. Hekalu lilijengwa mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa na jemadari wa Kigurkha aitwaye Amar Singh Thapa. Hapo zamani mahujaji walifika huko kwa miguu tu, wakitembea siku nyingi kwenye vijia vya magengeni; siku hizi barabara ya motakaa yafika mpaka karibu na hekalu, na watu huja kwa maelfu wakati wa kiangazi.

Mto wenyewe huko juu huitwa Bhagirathi. Haupati jina la Ganga mpaka ukutane na mto mwingine, Alaknanda, mbali sana huko chini. Baada ya hapo hushuka uwandani, ukapita miji mikubwa na mashamba ya mpunga, ngano na miwa, mpaka baharini, safari ya maili 1,500 na zaidi. Watu zaidi ya milioni 400 huishi katika nchi inyweshwayo na mto huo na matawi yake.

Karibu na hekalu yapo maporomoko yaitwayo Surya Kund, maana yake Bwawa la Jua. Mto wote hubanwa katika mwanya wa mwamba uliolainishwa na maji kwa miaka isiyohesabika, kisha hutupwa chini. Hapo hakuna athubutuye kuoga, kwa kuwa nguvu ya maji yaweza kumchukua ng'ombe. Waogao hutumia ngazi za mawe zilizo mbele ya hekalu. Surya Kund ni mahali pa kutazama tu.

NYWELE ZA MTAWA

Watawa hawa huitwa sadhu, na nywele zao zilizosokotana huitwa jata. Si urembo. Mtu atakapo kuingia katika maisha hayo kwanza hunyolewa kichwa chote, kisha hujifanyia yeye mwenyewe ibada za mazishi kana kwamba amekwisha kufa. Tangu siku hiyo hana mke, hana urithi, hana kabila. Hata jina lake la kwanza huachwa. Baada ya hapo, kwa desturi za vyama vingine, huendelea kunyoa siku zote. Kwa desturi za vyama vingine, hanyoi tena wala hachani. Nywele hukua, hushikamana, hupakwa majivu ya moto wake, na urefu wake huwa kama kalenda ya miaka aliyokaa katika nadhiri.

Msomaji wa Kenya hatastaajabu sana, kwa maana amewaona morani wa Kimasai na nywele zao ndefu zilizosukwa na kupakwa ngeu. Lakini tofauti ni kubwa. Kwa morani, nywele ndefu ni alama ya ujana, nazo hunyolewa katika sherehe ya eunoto aanzapo kuelekea utu uzima. Kwa sadhu mambo yamegeuzwa: kunyolewa ndiko mwanzo, nazo nywele ndefu humfuata mpaka kaburini.

Mbali na nywele hizo, mali yake ni kidogo: blanketi moja, fimbo, na chombo cha maji. Chakula chake ni mkate wa chapati na dengu apewazo kwa sadaka. Wengi huondoka majira ya baridi, wakati sanamu ya hekalu inapochukuliwa mpaka kijiji cha Mukhba kilicho chini zaidi. Wachache hubaki katika vibanda na mapango huku theluji ikiziba milango.

HADITHI YA SHIVA

Watu wa Kihindu husimulia kwamba hapo kale mto Ganga ulikuwa mbinguni. Mfalme mmoja, Sagara, alikuwa na wana 60,000, nao walimkosea mtu mtakatifu, wakateketezwa wote wakawa majivu. Roho zao hazikuweza kupata raha mpaka maji ya Ganga yapite juu ya majivu hayo. Mjukuu wa ukoo huo, Bhagiratha, akaenda milimani akaomba na kujitesa kwa miaka mingi, mpaka mto ukakubali kushuka. Lakini ikaonekana hatari nyingine: maji yenye nguvu namna ile, yakianguka kutoka mbinguni, yangalipasua dunia. Ndipo mungu Shiva, aliye bwana wa watawa wote, akasimama mlimani akayapokea kichwani mwake. Maji yakapotea katika jata zake, yakazunguka humo kwa muda mrefu, kisha akayaachilia kidogo kidogo, yakashuka kwa upole mpaka kwenye mashamba.

Kwa hiyo sadhu akaaye kando ya maporomoko hufuata mfano wa bwana wake. Nywele zake ni ukumbusho wa zile zilizoyashika maji.

MTAWA MWENYE KAMERA

Katika watu waliokuja Gangotri kwa ajili ya maisha hayo alikuwako Swami Tapovan, aliyezaliwa Kerala mwaka wa 1889 na kufariki mwaka wa 1957. Alikuwa mtu wa elimu, naye aliandika vitabu juu ya safari zake milimani, akisifu theluji, maua na mito kama mtu asifuye jamaa zake. Mwanafunzi wake mmoja alikuwa Swami Sundarananda, kijana wa kusini ya Bara Hindi aliyezaliwa mwaka wa 1926 na kufika Gangotri mwaka wa 1948. Kijana huyo akakaa huko, akaachilia nywele na ndevu zikue, akawa mpanda milima hodari.

Katika miaka ya 1950 alinunua kamera ndogo. Tangu hapo, kwa zaidi ya miaka hamsini, alizunguka milima ile akipiga picha za maporomoko, mabonde, wanyama, maua na vilele vya theluji. Mara nyingi alipanda mpaka uwanda wa Tapovan, ulio zaidi ya futi 14,000 juu, chini ya mlima Shivling. Huko kijito kiitwacho Akash Ganga, yaani Ganga ya Angani, huteremka gengeni kwa kasi, nao kondoo wa mwituni hulisha katika majani mafupi. Mtu asiye na shamba wala mshahara alikuwa na nafasi ambayo karani wala mkulima hana: kurudi mahali pale pale mwaka baada ya mwaka, na kulinganisha.

Picha zake ndizo zilizomfanya aseme. Mto wa barafu wa Gangotri una urefu wa maili 18 hivi, nao mwisho wake, paitwapo Gaumukh, yaani Mdomo wa Ng'ombe, ndipo maji ya Bhagirathi yatokapo. Katika picha za kwanza barafu hiyo ilikuwa kama ukuta mkubwa mahali fulani. Katika picha za baadaye, mahali pale pale pana mawe matupu. Wapimaji wa ardhi wameona vivyo hivyo. Toka mwaka wa 1935 mpaka karibu na mwisho wa karne, ncha ya barafu ilirudi nyuma kwa wastani wa futi 60 hivi kila mwaka. Mwaka wa 2001 Swami alitoa kitabu kikubwa cha picha zake, na mpaka uzee wake hakuchoka kuwaonya wageni. Alifariki Desemba 2020.

MILIMA ILIYONYOLEWA

Si barafu tu iliyopungua. Njiani kwenda Gaumukh pana mahali paitwapo Bhojbasa, maana yake makao ya miti ya bhoj, ambayo magome yake yalitumika zamani badala ya karatasi. Miti hiyo karibu yote ilikatwa kuwa kuni za kuchemshia chai ya mahujaji. Na yapasa kusema kweli kwamba watawa nao, ambao moto wao hauzimwi usiku wala mchana, hawakukosa sehemu yao katika hasara hiyo. Serikali iliifanya nchi ile kuwa hifadhi mwaka wa 1989, na tangu mwaka wa 2008 ni watu 150 tu waruhusiwao kwenda Gaumukh kwa siku moja. Miche mipya ya bhoj imepandwa, nayo hukua polepole sana kwa sababu ya baridi.

Wakulima wa milima hiyo walikwisha kupata fundisho chungu. Mwaka wa 1970 mto Alaknanda ulifurika ukachukua madaraja, nyumba na mashamba, na wanakijiji wakasema kwamba chanzo ni misitu iliyokatwa kwenye miteremko. Mwaka wa 1974 wakataji walipofika kijiji cha Reni, wanawake wakiongozwa na Gaura Devi waliizuia miti kwa miili yao mpaka wakataji wakarudi zao. Bila shaka si kila gharika huzuiwa na miti. Tarehe 5 Agosti 2025 matope na mawe yalishuka ghafula yakaifunika sehemu kubwa ya kijiji cha Dharali, kisicho mbali na Gangotri, na watu wakapoteza maisha. Lakini mlima wenye msitu huyapokea maji ya mvua kwa namna moja, na mlima uliokatwa miti huyapokea kwa namna nyingine.

Hapo ndipo hadithi ya kale huwa somo la kilimo. Wako watu wa Himalaya wasemao kwamba jata za Shiva ndiyo misitu ya milima. Maana yake haina haja ya kufafanuliwa kwa mtu aliyewahi kuona mvua kubwa ikianguka kwenye mteremko mtupu. Maji yasipopata cha kuyashika huteremka yote kwa siku moja, yakauchukua udongo, kisha mto hukauka wakati wa kiangazi mkulima auhitajipo. Yapatapo mizizi, majani na nyasi, hukawia humo, yakatoka kidogo kidogo mwaka mzima.

Nchi ya Kenya nayo haiko mbali na habari hii. Barafu ya Mlima Kenya iitwayo Lewis ilipoteza sehemu tisa katika kumi za ujazo wake kati ya mwaka wa 1934 na 2010. Barafu haipandwi na mkono wa mtu, bali mti hupandwa.

Picha za Swami Sundarananda zimewekwa Gangotri ili wapitao wazitazame. Nje, maji ya Surya Kund yangali yakianguka, na wenye nywele ndefu wangali wakikaa juu ya mawe kila kiangazi. Furaha yao haigharimu kitu, ila inataka jambo moja: mto uwepo.