Ukumbi umejaa, kila mwanamuziki anarudi nyumbani na Sh530: Hesabu ya shoo ndogo za Nairobi

Kwa miaka mitatu nimejiita shabiki sugu wa bendi ndogo za Nairobi. Katika miaka hiyo yote, sidhani kama nililipa kiingilio zaidi ya mara nne. Nilikuwa nafika mlangoni, nataja jina, mtu anaangalia karatasi, naingia. Nilikuwa "kwenye listi".

Halafu Alhamisi moja, saa kumi na moja jioni, mpiga gitaa la besi wa bendi ninayoipenda akanipigia simu. Msichana wao wa mlangoni alikuwa mgonjwa.

"Sis, tafadhali tuokoe leo. Ni kukaa tu na kupokea pesa."

Nikakaa. Kufikia saa sita usiku nilikuwa nimeelewa kitu ambacho miaka mitatu ya kucheza mbele ya jukwaa haikunifundisha.

Kwanza, tunazungumzia muziki gani?

Hapa sizungumzii shoo za uwanjani zenye matangazo barabara nzima. Nazungumzia bendi zinazotunga nyimbo zao zenyewe, zinarekodi kwa pesa za mifukoni mwao na hazina kampuni inayozisimamia. Wengi huuita muziki wa indie. Hauna mtindo mmoja: usiku mmoja utasikia soul ya taratibu, kesho yake roki ya Kiswahili, keshokutwa benga iliyochanganywa na kompyuta.

Usidhani ni muziki wa watu wachache wa ajabu tu. Just A Band walitoka kwenye mazingira haya, na mwaka 2010 video ya wimbo wao Ha-He ilitupa Makmende, ambaye hadi leo watu wanamtaja bila kujua alitoka kwa bendi. Sauti Sol nao, kabla ya kuwa jina la kila nyumba, walikuwa vijana wenye magitaa wakitoa albamu yao ya kwanza, Mwanzo, mwaka 2008.

Walikuwepo pia Duma, wawili wa Nairobi ambao albamu yao ya 2020 ilitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Muziki wao mama yangu angedhani ni mafundi wa jua kali wanagonga mabati. Mimi naupenda.

Shoo zenyewe ziko wapi?

Kuna vituo vya utamaduni katikati ya jiji, hasa Alliance Française na Goethe-Institut. Saundi huwa safi, shoo huanza mapema, na unaweza kwenda na shangazi yako bila wasiwasi. Bendi nyingi zilipanda jukwaa la heshima kwa mara ya kwanza huko.

Kuna tamasha za mchana, za kukalia shuka kwenye nyasi. Inayojulikana zaidi ni Blankets & Wine, ambayo Muthoni Drummer Queen aliianzisha mwaka 2008. Ni yeye mwanamuziki, na aliamua kujenga jukwaa badala ya kungoja aalikwe. Kwa bendi ndogo, kupangwa pale ni kama kupandishwa cheo.

Lakini kazi ya kila wiki inafanyika baani. Westlands, Kilimani, Ngara, katikati ya jiji: chumba kimoja, spika mbili, jukwaa lenye urefu wa kreti mbili za soda. Hapo ndipo bendi inajifunza wimbo gani unafanya watu waweke simu chini na wimbo gani unawapeleka msalani. Kipindi cha kafyu ya korona, kuanzia Machi 2020 hadi ilipoondolewa Oktoba 2021, ni vyumba hivi vilivyonyamaza. Bendi mbili nilizokuwa nazifuata hazikurudi tena.

Sasa, hesabu ya ule usiku

Kiingilio kilikuwa Sh500. Soo tano tu, bei ya kuku nusu na chipsi kwa mtaa wetu.

Ndani waliingia watu 88. Kwa ukumbi ule, hiyo ni nyumba imejaa kabisa, baunsa mpaka akaanza kusukuma meza ukutani. Nikiwa pale mlangoni nilikuwa najisikia tajiri kwa niaba ya bendi.

Shida ni kwamba kati ya hao 88, 37 walikuwa kwenye listi. Marafiki, marafiki wa marafiki, wapiga picha, watu wa Instagram, wanahabari kama mimi. Wengine hata hawakuwa kwenye listi, lakini walinikazia macho. "Madam, angalia vizuri, niko hapo." Mmoja alikuwa amevaa viatu ambavyo najua bei yake. Nikamuongeza jina kwa kalamu, nikiona aibu mimi badala yake.

Waliolipa ni 51. Mara Sh500, ni Sh25,500.

Makubaliano na baa yalikuwa asilimia 30 ya mlango ibaki kwa wenye ukumbi. Ikaondoka Sh7,650, zikabaki Sh17,850.

Fundi wa sauti alichukua Sh4,000. Kukodi dramu na amplifaya, Sh3,500, kwa sababu za pale ukumbini hazikuwa za kutegemewa. Wiki hiyo walikuwa wamefanya mazoezi mara mbili, saa tatu kila mara, kwenye studio ya Sh700 kwa saa: Sh4,200. Gari la kubeba vyombo kwenda na kurudi, Sh2,500. Tangazo la Instagram, Sh1,000.

Jumla Sh15,200. Toa hiyo kwa iliyobaki: Sh2,650.

Wako watano. Kila mmoja alipata Sh530, yaani kiingilio na thelathini bob juu.

Nilirudia hesabu mara tatu kwenye simu nikidhani nimekosea. Mpiga dramu aliniangalia akacheka. "Leo ni poa. Kuna siku tunaongeza kutoka mfukoni."

Halafu nikafanya hesabu nyingine ambayo sikumwonyesha mtu. Kama wale 37 wangelipa, hata baada ya baa kuchukua yake, kila mwanamuziki angepata Sh3,120. Karibu mara sita. Watu ni walewale, ukumbi uleule, nyimbo zilezile.

Mbona mwenye baa asilipe tu?

Hili ni swali la haki, na jibu linategemea baa. Zipo zinazolipa bendi kiasi kilichokubaliwa, watu waje wasije. Lakini mwenye baa anafanya biashara ya vinywaji, na kwake bendi ni chambo tu. Anajiuliza kitu kimoja: watu wa bendi hii wanakunywa?

Ukweli unauma kidogo. Mashabiki wa muziki wa indie tunakunywa polepole. Tunaagiza dawa moja, tunaikumbatia saa mbili, tunasikiliza mashairi. Watu wanaokuja kusikia nyimbo wanazozijua wanaruka, wanatoa jasho, wanaagiza. Ndiyo maana wenye kumbi wengi huomba bendi ipige nyimbo za watu wengine, zile zinazoitwa kava, na kubana za kwao mwishoni. Nimeona bendi ikipiga nyimbo nane za kina fulani wa Lagos ili ipewe nafasi ya mbili zake.

Halafu kuna DJ. Anakuja peke yake na begi moja, hahitaji saa mbili za kujaribu maiki, na jirani akilalamika anateremsha sauti kwa kidole. Dramu haina kitufe hicho.

Na majirani?

Nairobi imejengwa hivi kwamba baa iko chini, vyumba vya kulala viko juu, na mtoto wa mtu ana mtihani kesho. Nimewahi kukaa juu ya baa kwa miezi minane, kwa hiyo siwezi kujifanya sielewi.

Kanuni za kudhibiti kelele zilizo chini ya NEMA zipo tangu mwaka 2009. Lakini mwisho wa Novemba 2022 mambo yalipata uzito mpya pale Gavana Johnson Sakaja alipotangaza kuwa kaunti haitatoa tena leseni kwa vilabu vya usiku vilivyo kwenye maeneo ya makazi. Wengi walishangilia, na walikuwa na sababu.

Kwa bendi ndogo, mzigo ulikuja kwa njia ya kuzunguka. Ukumbi mkubwa unaweza kumudu kuta za kuzuia sauti. Chumba cha watu 80 hakiwezi. Kwa hiyo mwenye chumba kidogo, akiogopa leseni yake, anaanza na kile kinachopiga kelele asichoweza kukizima. Anaondoa dramu. Bendi inaambiwa ije "akustiki", gitaa moja na sauti. Wapo wanaoiweza. Bendi ya roki ya watu watano haiwezi, na hiyo ndiyo inakosa Alhamisi yake.

Si wanapata pesa kwa simu siku hizi?

Kidogo. Marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2022 yalisema wenye muziki wapate angalau asilimia 52 ya mapato ya nyimbo za kuita kwenye simu, zile za Skiza. Ni ushindi. Ila asilimia 52 ya wimbo uliochukuliwa na watu mia ni ya watu mia. Mirabaha inayokusanywa na vyama vya hakimiliki nayo huelekea kwa nyimbo zinazochezwa sana redioni, na redio haijui bendi yangu ipo.

Mlango ndio pesa wanayoiona usiku huohuo.

Kwa hiyo listi ifutwe?

Mimi sioni hivyo, na bendi nilizouliza hazitaki. Bendi mpya ikicheza mbele ya viti vitupu, mwenye ukumbi haiiti tena, kwa hiyo inajaza kwanza, pesa baadaye. Mama wa mwimbaji asilipe. Mpiga picha anayewapa picha bure asilipe.

Tatizo ni sisi wengine. Mimi nilikuwa na mshahara. Nilikuwa nalipa teksi Sh800 kurudi nyumbani kutoka shoo niliyoingia bure, halafu naandika mtandaoni "support local". Na kuna jambo la kazi pia: mwandishi aliyeingizwa bure mara thelathini na bendi ileile ni vigumu kuandika kwamba usiku wa jana walikuwa vibaya. Mimi sikuwahi kuandika hivyo. Na kuna usiku walikuwa vibaya sana.

Tangu ile Alhamisi nalipa. Nikiwa sina, sendi. Nikipata nafasi nanunua tisheti, kwa sababu ya tisheti baa haichukui asilimia, na natuma M-Pesa kwa nambari ya bendi iliyobandikwa kwenye kipaza sauti badala ya kumpa mtu mkononi.

Yule mpiga dramu hayupo tena. Alipata kazi ya hoteli Doha, usiku sita kwa wiki, nyimbo za watu wengine, chumba na chakula juu ya mwajiri. Bendi ilikaa miezi minne bila kupiga, kisha ikampata kijana wa kanisani ambaye hapatikani Jumamosi jioni kwa sababu ya mazoezi ya kwaya. Wanajipanga hivyo hivyo. Wakati mwingine Doha inatuma ujumbe wa sauti kuuliza kama bado wanaanza na ule wimbo mrefu.

Ukitaka kwenda

Fuata kurasa za bendi zenyewe Instagram, si za kumbi tu, kwa sababu shoo nyingi hutangazwa siku tatu kabla. Beba pesa taslimu kidogo, mtandao hupotea ndani ya vyumba vya chini. Simama mbele, Nairobi tuna tabia ya kujibanza ukutani mpaka wimbo wa nne. Na kama unataka kupiga stori, nenda nje wakati wa wimbo wa polepole, tafadhali.

Kuhusu muda: bango likisema saa mbili usiku, jua ni saa tatu na nusu. Hili ndilo lalamiko langu kubwa kwa bendi ninazozipenda, na nimewaambia. Wengi wetu hatuna magari. Mimi huondoka saa nne na nusu kuwahi matatu ya Rongai, na hapo ndipo bendi ya pili inaanza kuchomeka nyaya.