Mwanao Akienda Kusoma Ng'ambo

Msomaji mpenzi, siku hizi si ajabu tena kusikia kwamba mtoto wa fulani, hapo hapo kijijini, amepata nafasi ya kusoma ng'ambo. Watu hufurahi, kuku huchinjwa, wazee hutoa maneno ya busara. Kijana huondoka, na nyumba hurudi kimya. Ndipo baba na mama hubaki na maswali ambayo huona haya kumwuliza mtu. Huko anakula nini? Kwa nini nikimpigia simu hapatikani? Na ikiwa yuko katika nchi yenye mali, mbona haleti kitu?

Leo tuyatazame maswali hayo pamoja. Tumfuate kijana mmoja wa Tunduru. Jina lake silitaji, maana huenda akawa mwanao au mjukuu wako. Tuseme amepata msaada wa masomo wa serikali ya China. Wazee wetu wanawakumbuka Wachina waliokuja kujenga reli ya TAZARA kati ya mwaka 1970 na 1975. Siku hizi ni vijana wetu wanaokwenda kwao, huyu kusomea udaktari, yule uhandisi.

Kabla ya kuondoka

Safari hii huanza zamani kabla ya kupanda eropleni. Kwanza kuna pasipoti. Mwaka 2018, zilipoanza kutolewa pasipoti mpya za kielektroniki, ada yake ilikuwa shilingi 150,000. Kwa mkulima wa korosho hizo si fedha kidogo. Tena kuna viza, cheti cha daktari, na vyeti vyote vya shule pamoja na nakala zake.

Hapo ndipo wajanja hutokea. Huja mtu amevaa vizuri, ana karatasi zenye rangi na mihuri, naye husema, "Nipe milioni mbili, nafasi ya mwanao iko tayari." Mzazi, shika kwanza fedha yako. Iulize Tume ya Vyuo Vikuu kama chuo hicho kinatambuliwa. Kama huwezi kufika Dar es Salaam, mwombe mwalimu wa sekondari akusaidie kuuliza. Msaada wa kweli wa serikali haugawiwi kwa siri chini ya mkorosho. Usiuze shamba kwa ajili ya barua usiyoihakikisha.

Njiani

Watu wa Tunduru hawana haja ya kufundishwa habari za barabara mbaya. Zamani mvua zikishika, lori liliweza kukwama matopeni siku nyingi kati ya Namtumbo na Matemanga, na abiria wakapika chakula chao njiani. Lami ilikamilika katika miaka ya 2010, upande wa Songea na upande wa Masasi. Basi kijana wetu hupita Muhuwesi, Nakapanya na Mangaka huku akisinzia kitini. Akifika mto Rufiji huvuka juu ya Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo watu walivushwa kwa kivuko, na kivuko kikiharibika walingoja.

Kutoka Dar es Salaam wasafiri wengi hupitia Addis Ababa au nchi za Ghuba. Ukitoka Addis Ababa, ni saa kama kumi angani mpaka China. Mwambie kijana wako jambo moja mapema: pasipoti, barua ya chuo na vyeti vyake avitie katika mfuko anaoushika mkononi, wala si katika sanduku linaloingia tumboni mwa eropleni. Sanduku likipotea, nguo hununuliwa tena. Vyeti je?

Mgeni katika nchi ya watu

Amefika. Jambo la kwanza linalomshinda ni lugha. Kichina huimbwa kidogo, na mtu akikosea sauti amekosea neno. Neno "ma" lina sauti nne: kwa sauti moja ni mama, kwa nyingine ni katani, kwa ya tatu ni farasi, na kwa ya nne ni kukaripia. Fikiri basi kijana anayetaka kumsifu mama yake, kumbe amemsifu farasi! Wanafunzi wengi hutumia mwaka mzima kujifunza Kichina kabla ya kuanza masomo yenyewe. Kwa hiyo mzazi asishangae akisikia, "Baba, bado sijaanza udaktari." Hakufeli. Anajifunza kusema.

Jambo la pili ni baridi. Tunduru tunajifunika shuka mwezi wa Juni tukasema baridi imezidi. Huko Harbin, kaskazini ya China, baridi ya Januari hushuka hata digrii 20 chini ya kiwango cha maji kuganda, na zaidi. Miji ya kaskazini ina mabomba ya kupasha nyumba joto. Lakini miji ya kusini, kama Wuhan, nyumba nyingi hazina, na mwanafunzi husoma akiwa amevaa koti ndani ya chumba.

Chakula kipo. Kuna wali, kuna tambi za kila namna, kuna mikate laini iliyopikwa kwa mvuke. Watu hula kwa vijiti viwili, na mgeni hujifunza kwa njaa. Maji ya kunywa huwa ya moto, na karibu kila mtu ana chupa yake ya chai. Lakini ugali wa mahindi au wa muhogo na kisamvu, huo hauoni ila ndotoni.

Jambo la tatu ni namna ya kulipa. Sisi tulianza kutumiana fedha kwa simu mwaka 2008, M-Pesa ilipoingia nchini, tukaona ni ajabu kubwa. Huko hata mama anayeuza mboga njiani ameweka karatasi yenye alama ya mraba. Mnunuzi huielekezea simu yake, fedha ikaenda, basi. Simu ndiyo mfuko wa fedha, ndiyo tikiti ya gari moshi, ndiyo kamusi. Simu ya kijana ikizima betri, amekuwa maskini kwa saa nzima.

Waliotangulia

Kijana huyu si wa kwanza kuonja upweke wa ugenini. Mwaka 1949 mwalimu mmoja kijana wa shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, alikwenda Edinburgh katika Uskoti, akisaidiwa na mkuu wa shule yake, Padre Richard Walsh. Mwalimu huyo alikuwa Julius Nyerere. Alikaa huko mpaka mwaka 1952, na mchumba wake, Maria, alimngoja nyumbani. Jirani zetu wa Lupaso, Masasi, nao walimtoa Benjamin Mkapa. Alisoma Makerere, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York, akapata shahada huko mwaka 1963. Wote wawili wakawa marais wa nchi yetu.

Siku zile habari za nyumbani zilikwenda kwa barua. Barua ilichukua siku nyingi, na ya melini ilichukua majuma. Mzazi asiyejua kusoma alimwendea katekista au mwalimu, akasomewa polepole, tena mara mbili. Taabu ilikuwa kubwa. Lakini barua ilikuwa na faida yake: mtu aliketi, akafikiri, akaandika yaliyo moyoni.

Saa yao na saa yetu

Sasa kuna simu ya kuonana uso kwa uso. Lakini nayo ina mambo yake. Kwanza, China imetutangulia kwa saa tano. Baba akimaliza kula, saa mbili za usiku, akasema, "Sasa nimpigie mwanangu," huko ni saa saba za usiku, na kijana amelala. Asipopokea, baba hukasirika bure. Lakini ukimpigia Jumapili baada ya Misa, saa tano asubuhi, huko ni saa kumi za jioni. Hiyo ndiyo saa nzuri.

Pili, WhatsApp tuliyoizoea imezuiwa huko tangu mwaka 2017. Wachina wana yao, iitwayo WeChat. Basi kabla kijana hajaondoka, aiweke katika simu janja ya mtu wa nyumbani na kumfundisha kuitumia, maana mara nyingi mpya haingii ila athibitishwe na aliyekwisha kuwamo. Kama nyumbani kuna kitochi tu, mpateni jirani mwaminifu mwenye simu janja, mkamnunulie bando. Hiyo si aibu. Zamani tulimwendea katekista kusomewa barua, leo tunamwendea jirani.

"Sisi sote wazima"

Sasa, msomaji, nifikie jambo lililonifanya niandike. Sikiliza mazungumzo haya, uniambie kama hayajapata kusikika nyumbani kwako.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Umekula?"

"Sijambo, mama. Nimekula, nimeshiba. Habari za nyumbani?"

"Nzuri. Sisi sote wazima. Bibi yako anakusalimu."

Maneno mazuri. Lakini kijana hakushiba. Posho imechelewa, na tangu jana anakula mkate mtupu. Mtihani wa Kichina nao umemshinda, na usiku analia. Upande wa pili, bibi hakutuma salamu. Yuko hospitali siku ya nne, hajitambui. Kila mmoja amemficha mwenzake kwa sababu anampenda. Picha ni safi, sauti ni safi, wanatazamana machoni, na ukweli haukupita.

Matokeo yake ni nini? Bibi akifariki, wazee hukaa kikao na kusema, "Tusimwambie mpaka amalize mitihani." Nia yao ni njema. Lakini siku hizi habari ya msiba haingoji kikao. Binamu yake wa Dar es Salaam anaweka picha ya marehemu katika simu yake, na kuandika, "Pumzika kwa amani, bibi." Kijana anaiona peke yake chumbani, saa nane za usiku, hana wa kumshika mkono. Kisha anafanya hesabu: Jumapili mama aliniambia wote wazima. Tangu siku hiyo, kila akisikia "wazima", anauliza moyoni, "Ni nani tena?" Masomo yanakwendaje hapo?

Basi afadhali apewe habari na mtu wa nyumbani, kwa sauti ya taratibu, mchana, naye awe na mwenzake karibu. Ndiyo, atalia. Lakini atajua kwamba yeye bado ni mtu wa nyumba hiyo. Naye kijana asiogope kusema, "Mama, leo sikula vizuri," au, "Baba, mtihani umenishinda, nitarudia." Mzazi akisikia hayo asifoke. Akifoka mara moja, hataambiwa ukweli mara ya pili.

Habari ya fedha

Liko jambo jingine linalofunga midomo ya vijana, nalo ni fedha. Mjomba anataka bati, dada anataka simu, rafiki anataka viatu. Wote wanasema, "Wewe uko kwa matajiri." Lakini mwaka 2014 serikali ya China ilipanga posho ya yuan 2,500 kwa mwezi kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza mwenye msaada wake kamili, nayo ni ya kula, ya vitabu na ya koti la baridi. Wasio na msaada huo hawapati hata hiyo. Tena sheria ya huko haimruhusu mwanafunzi mgeni kufanya kazi ya mshahara bila kibali. Akikamatwa, aweza kurudishwa kwao kabla ya kumaliza. Kumdai mwanafunzi ni kukamua mbuzi ambaye bado hajazaa.

Siku za Wuhan

Mwaka 2020 tulipata fundisho kubwa. Tarehe 23 Januari mji wa Wuhan, wenye watu zaidi ya milioni 11, ulifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Haukufunguliwa mpaka tarehe 8 Aprili, siku 76. Wanafunzi wa Kitanzania walikuwamo, wamefungiwa mabwenini. Huku nyumbani redio mbao ilitangaza kila kitu. Kwa kijiwe hiki wote wamekufa, kwa kijiwe kile wote wametoroka. Mzazi aliyezoea kuzungumza na mwanawe kwa ukweli aliweza kumwuliza, "Unaogopa?" akajibiwa, "Naogopa, baba, lakini sina homa," naye akaamini. Mzazi aliyezoea "sisi sote wazima" aliambiwa maneno yale yale, lakini safari hii hayakumtuliza.

Basi, wazazi wapenzi, mtoto wako akiwa ng'ambo fanyeni haya. Chagueni siku moja na saa moja ya kuzungumza, na kuishika. Kila mara mwambieni jambo moja jema la nyumbani na jambo moja gumu, naye afanye vivyo hivyo. Chagueni mapema ni nani atakayempa habari ya msiba, na vijana wote wa ukoo waagizwe kunyamaza simuni mpaka huyo amekwisha kusema. Na ninyi vijana, siku mama akiuliza, "Umekula?" mjibuni kweli. Hawezi kuwaletea ugali, lakini atajua la kuwaombea.