Picha ya Babu, Shaba ya Lubumbashi na Maonyesho Yanayofaa Kuonwa

Nimekuwa kimya kidogo. Nilikuwa nyumbani Itaka, kahawa ilikuwa inataka mikono. Nimerudi na jambo moja kichwani, na leo naomba tulizungumze.

Bibi yangu alikuwa na picha moja tu ya marehemu babu. Enzi za mkoloni babu alivuka mpaka kwenda kuchimba shaba Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, kama walivyofanya vijana wengi wa Unyiha. Huko akaingia studio, akapigwa picha kavaa suti ya kuazima, akaituma nyumbani. Mwaka jana tukaipeleka kwa fundi mmoja mjini aitoe nakala. Akaipoteza. Bibi hakugomba. Aliuliza tu: "Sasa wajukuu watamjua kwa sura gani?"

Hapo ndipo nikaanza kuyaelewa maonyesho ya picha, ambayo zamani niliyaona ni mambo ya wazungu na watu wa Dar. Kumbe swali la bibi ndilo linaloulizwa humo.

Kwanza tuelewane. Picha ya habari inakueleza kilichotokea. Picha ya paspoti inathibitisha kwamba wewe ni wewe. Picha ya sanaa inakuuliza swali, halafu inakuacha nalo. Na kwenye maonyesho, picha haisimami peke yake. Imewekwa karibu na ipi? Ni kubwa kiasi gani? Ipi imetangulia? Mpangilio ni nusu ya maneno.

Haya, twende kwenye mifano. Baadhi ya maonyesho haya yalishafungwa, lakini picha zake nyingi utazipata mtandaoni ukiandika jina la msanii. Saa moja ya kafe inatosha.

Wa kwanza ni Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, 1978. Wewe wa Tunduma au Mlowo unayaona kila siku malori yanayoshusha shaba kwenda bandari ya Dar. Baloji anatoka huko shaba inakotoka. Katika kazi yake ya mwaka 2006 iitwayo "Mémoire", alipiga picha za rangi za viwanda vya madini vilivyochakaa, kisha akabandika juu yake picha za zamani, nyeusi na nyeupe, za wafanyakazi wa enzi za Wabelgiji. Watu waliokwisha kufa wanasimama ndani ya magofu ya leo. Nilipoiona mara ya kwanza nilimtafuta babu, ingawa najua hakufika Lubumbashi.

Kazi yake nyingine inaonyesha mji huo kutoka angani. Wakoloni waliacha eneo tupu la mita 500 kati ya makazi ya wazungu na ya Waafrika, wakisema mbu hawezi kuruka umbali huo. Mwaka 2008 yeye na wenzake wakaanzisha maonyesho ya kimataifa hapo Lubumbashi kupitia kituo chao kiitwacho Picha. Ndiyo, jina ni neno letu hilihili.

Wa pili ni Uganda. Mwaka 2015 katika shirika la utangazaji la nchi hiyo liligunduliwa kabati lenye negativu kama 70,000, nyingi za enzi za Idi Amin, aliyetawala kuanzia 1971 hadi 1979. Mwaka 2019 sehemu ndogo ya picha hizo ikaonyeshwa kwenye Jumba la Makumbusho la Uganda, Kampala. Ukiziangalia unaona nini? Sherehe, mikutano, Amin anacheka. Mateso na mauaji hayamo, kwa sababu mpiga picha alikuwa mtumishi wa serikali na kamera ilielekezwa ilikotakiwa. Somo: kila ukiona picha, jiulize nani kaishika kamera, na nini kimeachwa nje.

Wa tatu ni Sarah Waiswa, mzaliwa wa Uganda anayefanya kazi Kenya. Alimpiga picha msichana mwenye ualbino katika mitaa ya Kibera, Nairobi, amependeza, ametulia, huku mji unampita kama mgeni. Kazi hiyo ilimpa tuzo ya ugunduzi kwenye tamasha la Arles, Ufaransa, mwaka 2016. Sisi Watanzania hatuhitaji kuelezwa mara mbili kwa nini ni muhimu mtu mwenye ualbino aonekane kama binadamu mwenye heshima zake.

Na nyumbani je? Ukipata nauli ya Dar, ulizia Nafasi Art Space pale Mikocheni, kituo kilichofunguliwa mwaka 2008, wasanii wanafanya kazi humo na maonyesho yanaandaliwa. Ukivuka Zanzibar, ulizia Capital Art Studio, Mji Mkongwe. Ilianzishwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza, mwanawe Rohit akairithi. Picha za Zanzibar ya kabla ya mapinduzi ya 1964 zimebaki kwa sababu familia moja haikutupa negativu zake. Hakuna siri nyingine hapo.

Ndiyo maana nasema tusingoje mradi kutoka nje. Likizo hii ukiwa kijijini, fanya hivi:

1. Waombe wazee wakuonyeshe picha zao. Usiondoke nazo.
2. Zipige palepale, mchana, karibu na mlango, bila flashi.
3. Uliza majina, mahali na mwaka, andika nyuma ya picha kwa penseli, taratibu.
4. Weka nakala sehemu mbili: kwenye flashi na kwenye barua pepe yako.

Mimi nimeanza. Nimeshapata picha kumi na moja hapo Itaka. Katika moja, rafiki wa babu amesimama studio hukohuko Zambia, na nyuma yake kuna mtu aliyekatwa nusu uso na ukingo wa picha. Bibi aliishika muda mrefu, akasema sikio lile analijua.

Haya wadau, nyumbani kwenu picha ya zamani kuliko zote ni ya nani? Tuambieni hapo chini.